Mvua Waliyopewa Wengine

Katika ukoo wao, mtu yeyote aliyetaka kwenda kutembea nchi za milima na baridi alianza kwa kumpigia simu Shaikha. Hakuwa wakala wa safari. Alikuwa mfamasia katika zahanati moja ya Ghubra, mjini Muscat, mwanamke aliyevuka arubaini, hajaolewa, anaishi Bawshar na mama yake, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa umra. Lakini kila aliyerudi kutoka Georgia, Bosnia au Uswisi alipita mikononi mwake kwanza. Akimkuta matangani alimpa pole, akamwombea marehemu, halafu akamvuta pembeni amuulize ile barabara ya juu ya mlima ilikuwaje, na kivuko kilichelewa au hakikuchelewa. Watu walimcheka. Zamu yao ya kusafiri ikifika, walimpigia.

Na alichowaambia hakikuwa cha vipeperushi. Aliwaambia watu wa Muscat mambo ya watu wa Muscat. Dereva asikanyage breki kutoka kileleni mpaka bondeni, ashuke kwa gia ndogo kama anavyoshuka mlima wa Jabal Akhdar. Kiangazi kule jua halitaki kuzama, kwa hiyo wamuulize sheikh wao habari ya isha kabla hawajaondoka, wasije wakabishana njiani na watoto wanasinzia. Wachukue mchele wao na bizari zao, maana samaki wa kule ni mzuri lakini hajui pilipili. Na asiyependa ukungu abaki kwake, kwa sababu ukungu ndio unaofuatwa.

Norwei ilikuwa nchi yake hasa, aliijua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani anayoiona dirishani kila siku. Sababu ilikuwa mama.

Bi Thuwaiba alitoka Unguja akiwa msichana, na katika yote aliyoyaacha, kitu alichokitamani mpaka uzeeni ni mvua. Si nyumba wala shamba. Alisema mvua ya Muscat ina hasira: inakuja mara moja, inajaza wadi, yale mabonde makavu, inabeba magari ya watu, inaondoka. Yeye alitaka mvua ya masika, inayonyesha asubuhi ukaamka ikanyesha, ikanyesha mchana na wewe umejilaza, ikapiga bati mpaka anayekuita jikoni humsikii. Walimpeleka Salalah, kusini, wakati wa kharifu, msimu wa manyunyu, kama wanavyopelekwa wote. Akanyosha mkono nje ya dirisha la gari, akaurudisha, akautazama.

"Haya ya kunawia uso," akasema. "Mvua yenyewe iko wapi?"

Basi Shaikha akaitafuta mvua yenyewe. Aliipata Bergen, mji wa magharibi ya Norwei ambako watu huzoea mwavuli kama sisi tulivyozoea miwani ya jua. Nje ya mji huo, pale bahari ilipojipenyeza ndani kabisa katikati ya milima, akapata nyumba ndogo ya mbao iliyoezekwa bati. Alizungumza na mwenyewe kwa simu, mama mmoja wa makamo, wakaelewana kwa Kiingereza cha kusaidiana. Akamuuliza swali ambalo yule mama hakuwahi kuulizwa: mvua ikinyesha, mtu aliye ndani anaisikia? Yule mama akakiri, kama mtu anayeomba radhi, kwamba kelele zipo na wageni wengine hulalamika. Shaikha akaichukua nyumba hapohapo.

Kaka yake mkubwa, Hisham, alipopata habari akasema kwa nini waende wawili kama mayatima, twendeni wote. Hisham alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na sauti kubwa inayolingana nalo. Akikuingilia nyumbani unahisi sikukuu imefika. Alisema atakodi gari kubwa, waingie yeye, mkewe Raghad, dada yao Manal na mumewe, watoto, na mama akae mbele aone milima. Shaikha apange tu. Na Shaikha akapanga, msimu mzima, akitoka kazini jioni na kukaa na simu yake mpaka chai ikapoa. Alichagua barabara ya zamani inayopita juu ya theluji badala ya shimo refu linalotoboa mlima. Alichagua maporomoko ambayo mzee anaweza kuyafikia bila kupanda ngazi. Kila hoteli na kila kivuko kiliwekwa kwa jina lake, kwa sababu hapana mwengine aliyetaka kusumbuka. Viza za wote zikatoka. Akaenda kwa mkubwa wake wa zahanati, akaomba likizo, akapewa siku ileile. Alimnunulia mama hata blanketi la buluu la kujifunika miguu ndani ya gari.

Safari ikiwa imekaribia, Hisham akaja mchana mmoja, akamfuata jikoni, akaurudisha mlango. Alisema kwa sauti ambayo Shaikha hakujua kwamba anayo, ndogo, ya hospitalini. Daktari wa moyo amemkataza mama kupanda ndege. Mama mwenyewe anajua, lakini anaona haya kuwaharibia watu safari.

"Usimtajie," akasema. "Ukimtajia atajiona mzigo. Unamjua mama."

Shaikha ndiye aliyempa mama dawa zake kila asubuhi, na hazikuwa dawa za mtu wa kukatazwa ndege. Lakini Hisham ndiye aliyempeleka kwa daktari wiki ile, na mtu hamkagui kaka yake kama anavyoikagua dawa iliyoletwa na muuzaji asiyemjua. Hakumhoji. Wala Hisham hakumuuliza nani atakaa na mama. Katika nyumba zetu swali hilo haliulizwi akiwapo binti ambaye hajaolewa. Jibu lake limeshakaa pale siku zote kama birika mezani, kila mtu anamimina na hapana anayeshukuru.

"Nitakaa mie," akasema Shaikha.

Hisham akambusu kichwani. Kesho yake Shaikha akarudi kwa mkubwa wake, akamwambia ile likizo haitaki tena.

Siku ya kuondoka, Bi Thuwaiba alisimama mlangoni na buibui lake, ubani unafuka, msahafu kaushika juu kwa mikono miwili, wasafiri wakapita chini yake mmoja mmoja kama desturi. Hisham alipita wa mwisho. Akainama, akambusu mama mkono, akamwomba radhi, akapewa. Shaikha alikuwa nyuma amebeba masanduku ya sambusa na kababu alizozigandisha kwa ajili yao, na lile blanketi la buluu alimpa Manal, akamwambia labda watoto watashikwa na baridi. Manal alilipokea bila kumtazama.

Milango ya magari ikafungwa. Mama hakusema neno juu ya kubaki, Shaikha naye hakusema. Ndivyo walivyolelewa watu wa nyumba ile: kwanza umsitiri mwenzako, kidonda chako utakiangalia baadaye. Ukijua mtu ana lake linalomuuma, unapita kando taratibu kama unavyompita aliyelala. Tabia hiyo ni nzuri, na Hisham alilelewa nayo pia. Aliijua vizuri.

Ikaanza kuingia milio ya simu. Hisham alipiga akiwa kwenye foleni ya kivuko, akapiga tena akiwa kituo cha mafuta. Tupite wapi? Tule wapi? Yule bibi wa hoteli anasema nini? Shaikha alijibu kutoka nyuma ya meza ya dawa, wateja wakingoja, akamwongoza kaka yake kona kwa kona katika nchi ambayo hajaikanyaga. Picha nazo zilimiminika: maji yanayoanguka kutoka mbinguni, mbuzi barabarani, watoto wanarushiana theluji. Jioni alizionesha nyumbani. Nassimbwa, msichana wa Kiganda aliyekuwa akiwasaidia kazi, aliinama juu ya simu na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Sasa Dada Shaikha, hawa wamelipa pesa kwenda kunyeshewa?" akauliza. "Mimi kwetu Masaka nilinyeshewa bure."

Bi Thuwaiba akamwambia anyamaze, mjinga we, hajui kilicho kizuri. Nassimbwa akasema anajua, Bibi, ndiyo maana alikimbia. Wakacheka wote watatu, na Shaikha akamwona mama anafuta jicho kwa ncha ya mtandio, akaangalia pembeni amsitiri.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nje joto lilikuwa limeifanya Bawshar yote ijifungie ndani. Manal alileta ujumbe wa sauti. Alikuwa analalamika: tangu walipovuka kuja upande huu wa Bergen, mvua haijanyamaza, watoto wanagombana, nguo hazikauki, na hiyo nyumba ya kesho nasikia paa lake bati, Shaikha, ulikuwa unafikiri nini? Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mvua, nzito, inapiga juu ya gari.

"Rejesha," akasema Bi Thuwaiba.

Shaikha akaurejesha. Mama akaichukua simu, akaiweka sikioni, akafumba macho. Akataka tena. Hakuwa akimsikiliza Manal hata kidogo.

Wakati ameishika bado, ikalia. Hisham. Shaikha akaiweka sauti ya nje mama naye amsikie. Wamefika njia panda, alisema Hisham, ramani ya gari inawapeleka huku na bango linasema kule. Shaikha akamuuliza upande wa maji ni upi, kanisa la mbao wanaliona au hawalioni. Hisham akasema ngoja ateremke atazame, usikate.

Ndipo mama akasema, nusu anasema peke yake, anatikisa kichwa kwa uchungu.

"Nchi unaijua kama jikoni kwako. Na hao wakubwa wako Mungu anawaona. Watu gani hao, wanamnyima mtu likizo."

"Wakubwa gani, mama?"

"Si hao wa zahanati. Hisham kanambia. Kanambia umelia sana, na mie nisikutajie, ntakutonesha." Akamshika goti. "Basi nimekutajia leo. Imenishinda."

Shaikha alimtazama mama yake. Simu ilikuwa mezani baina yao, wazi, inatoa sauti ya upepo wa Norwei.

"Na wewe, mama," akauliza polepole, "kwa nini hukwenda?"

"Nikuache na nani? Nlimwambia Hisham, nendeni nyie, mie ntakaa na mwanangu. Hawezi kurudi kazini jioni nyumba ikawa kimya."

"Daktari alikwambia nini?"

"Wa moyo? Kanambia nitembeetembee. Kanambia nikipanda ndege nivae zile soksi za kubana." Bi Thuwaiba akaashiria chumbani kwake. "Nnazo kabatini. Nlizinunua siku ileile."

Kuna mambo mtu akiyasikia hapigi kelele, kwa sababu kelele ni ya kitu kinachotokea sasa. Hili lilikuwa limekwisha tokea zamani, mlango umeshafungwa, ndege imesharuka, na wao wawili walikuwa wamekaa kwenye kochi moja wakitunziana siri ambayo haikuwapo. Shaikha akaichukua simu, akaifungua video aliyoileta Manal juzi, ile ya ndani ya gari. Alikwisha kuitazama mara nyingi, kila mara akitazama milima. Sasa akalitazama gari. Mbele, kiti cha kuonea, kwa sekunde moja tu kabla Manal hajageuza kamera, alionekana bibi mmoja mnene, mtandio wa maua, anakula karanga.

Mama akasogeza miwani. "Yule si mama yake Raghad?"

Ndiye. Na nyuma yake alikaa dada yake Raghad. Na magotini mwa bibi yule lilikuwa blanketi la buluu.

"Shaikha," ikasema simu, "nimeliona kanisa. Kushoto au kulia?"

Shaikha akaisogeza mdomoni. Akamuuliza kaka yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mama alikatazwa ndege na daktari. Huko upande wa pili akasikia vifutio vya kioo cha gari vinakwenda na kurudi, na mtoto mmoja anaomba biskuti. Halafu Hisham akaanza, na alianza vizuri, maana alikuwa mfanyabiashara. Mama angechoka. Yeye Shaikha angeshughulika na mama tu, wote wawili wasingefurahi. Mama yake Raghad kafiwa na mumewe, alihitaji kupumua kidogo, na viti ndivyo vilikuwa hivyo. Alifanya kwa kheri. Mwakani inshallah atawapeleka wao wawili peke yao, kifalme.

"Ulinambia nimsitiri mama," akasema Shaikha. "Ukamwambia mama anisitiri mie."

"Yaani sasa hivi ndiyo wakati wa haya?" Akavuta pumzi. "Nyuma kuna lori linanipigia honi. Tuambie basi, kushoto au kulia?"

Angeweza kusema lolote. Upande wa kushoto barabara ilipanda ikafia kwenye mabwawa ya umeme, saa nzima ya kona bila mahali pa kugeuzia gari kubwa. Alilijua hilo. Lakini nyuma ya gari walikuwamo watoto, na mmoja wao alikuwa bado anaomba biskuti.

"Kulia," akasema. "Ukifika juu, shuka kwa gia ndogo."

Akakata. Kisha akampigia mama mwenye nyumba ya bati.

Mtu mwenye hasira angezifuta hoteli zote zilizobaki, maana zote zilikuwa kwa jina lake, na mimi ninayesimulia nisingemlaumu. Watu waliofanya vile walistahili kulala ndani ya gari lao. Lakini Shaikha aliziacha. Alitaka kimoja tu, kile ambacho tangu mwanzo hakikuwa chao. Akamwambia yule mama wa Norwei kwamba wageni wa kesho hawatakuja, na kama nyumba iko wazi baadaye kidogo, kabla viza yake na ya mama yake haijakwisha, wataitaka watu wawili. Yule mama akasema ipo. Akaonya kwamba wakati huo mvua huzidi. Shaikha akasema vizuri sana.

Bi Thuwaiba alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, viganja juu.

"Nlimshikia msahafu," akasema. "Mikono ilikuwa imechoka, nkaona uzee huu, nisiushushe mpaka mwanangu apite. Naye akapita."

Shaikha akakaa karibu naye mpaka adhana ya alasiri.

Kesho yake Hisham alipiga akiwa mbele ya nyumba ya bati, na mara hii ile sauti ya sikukuu haikuwapo. Huyu mwanamke, alisema, anasema nyumba si yetu.

"Si yenu," akajibu Shaikha. "Ya mama."

"Watoto wamerowa, Shaikha."

"Rudini mjini. Nimekuwekeeni vyumba kwenye hoteli karibu na soko la samaki, nimekuletea na njia. Pale hamsikii mvua. Mlikuwa mnalalamika."

Hisham akateremsha sauti, pengine mlango wa gari ulikuwa wazi. "Unanifedhehesha mbele ya wakwe zangu."

Kabla Shaikha hajajibu, mama alikwisha nyosha mkono. Aliishika simu kama anavyoishika siku zote, mbali kidogo na uso, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Hisham."

"Labeka, mama."

"Inyoshe simu nje."

"Nje, mama?"

"Iweke chini ya upenu. Nisikie bati."

Zikasikika hatua kwenye changarawe, kisha mvua ikaja. Ilijaza sebule nzima ya Bawshar, ikaifunika hata mashine ya baridi iliyokuwa ikinguruma dirishani. Nassimbwa alitoka chumba cha kupigia pasi akasimama mlangoni. Bi Thuwaiba aliisikiliza kwa muda ambao mtoto wake alikuwa amesimama kule anarowa, mkono juu, naye hakumwambia inatosha. Alipotosheka alimpa Shaikha simu aikate. Hakumuaga Hisham, na radhi aliyozoea kumwachia mwisho wa kila simu hakuitamka.

Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na zile soksi za kubana, bado zimo ndani ya pakiti yake. Akaziweka mezani. Shaikha akaanza kumweleza habari za tikiti, kwamba Jumapili atamkabili mkubwa wake aombe tena likizo aliyoirudisha, na aibu hiyo ataibeba. Mama alikuwa anaitikia, lakini anatazama mlango wa nje.

"Sisi tukitoka," akauliza, "atatushikia msahafu nani?"

Kweli, hakukuwa na mtu. Waliotakiwa kusimama mlangoni walikuwa wote kule, kwenye hoteli ya soko la samaki.

Nassimbwa akakohoa. Akasema yeye hajui kama inaruhusiwa, yeye ni Mkristo, lakini mikono anayo, na kama Bibi anaona haifai kukishika Kitabu basi atashikilia ile meza ya kukiwekea, wapite chini ya meza.

Bi Thuwaiba akajiona anapita chini ya meza, na buibui lake na soksi zake za kubana, akacheka. Alicheka kwa sauti, kama anavyocheka siku zote. Halafu kicheko kikakatika katikati, akakaa chini, akauziba mdomo kwa mtandio, na Shaikha mara hii hakutazama pembeni.